Barua za Wasomaji: Mume Ana VVU, Mimi Sina

SWALI: Mume wangu alilazwa kwa kifua kikuu, akapimwa na kukutwa na VVU, na sasa anatumia dawa za yote mawili. Mimi nimepimwa mara mbili na sina maambukizi, ingawa tumeoana miaka 6 na tuna mtoto mmoja, naye yuko salama. Mama mkwe anasema vipimo vyangu vimekosewa. Wifi anasema damu yangu ni ya kundi lisiloshika ugonjwa huo. Mume mwenyewe anataka tusikutane tena kimwili, asije akaniua. Mimi ninatamani mtoto wa pili. Nifanyeje? (Msomaji, Muleba)

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuuguza. Vipimo viwili vyenye jibu moja ni vya kuaminika, ila urudie kupima miezi 3 baada ya mara ya mwisho mlipokutana bila kinga, kwa kuwa maambukizi mapya huchukua muda kuonekana. Kuhusu wifi, hakuna kundi la damu linalozuia VVU, liwe O au lingine lolote. Ninyi ni wenza wenye majibu tofauti, na katika kliniki za tiba na matunzo, ambazo wengi wetu tunaziita CTC, wenza wa namna hiyo ni wengi kuliko majirani wanavyodhani.

Sababu ni kwamba VVU haviambukizi katika kila tendo. Kwa mwanamke anayekutana na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa, wataalamu hukadiria maambukizi takriban 8 katika kila matendo 10,000. Wastani huo usikulaze usingizi, kwa sababu hatari hupanda mara nyingi zaidi pale mwenye virusi anapokuwa ndiyo kwanza ameambukizwa, au mmoja wenu anapokuwa na vidonda vya magonjwa ya zinaa, na wapo waliopata virusi siku ya kwanza tu. Vilevile majibu hayo hayamtaji aliyetoka nje ya ndoa, hata kama ndugu wanayasoma hivyo: mtu anaweza kuishi na VVU miaka 8 au 10 bila dalili yoyote, kwa hiyo huenda mumeo alikuwa navyo kabla hajakuposa, bila kujua.

Jambo la kufuatilia sasa ni wingi wa virusi katika damu yake. Mkoani kwenu Kagera, ambako wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983, wazee wanakumbuka enzi ambazo ugonjwa huu uliitwa Juliana na hospitali haikuwa na cha kumpa mgonjwa. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Rakai nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia wenza 415 wenye majibu tofauti, wakati ambapo dawa zilikuwa bado hazijafika vijijini, na hakuonekana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza mwenye nakala za virusi chini ya 1,500 katika mililita moja ya damu. Mwaka 2011 utafiti mwingine wa wenza 1,763 katika nchi kadhaa, Kenya na Malawi zikiwemo, ulionyesha kuwa dawa zikianzwa mapema hupunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba mtu anayemeza dawa zake ipasavyo, na ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana.

Kwa hiyo hofu ya mumeo ina msingi kwa miezi hii ya mwanzo, lakini si ya kudumu maisha yote. Akitimiza miezi 6 tangu aanze dawa, atatolewa damu ya kupima wingi wa virusi. Nenda naye siku ya majibu, na muulize mhudumu namba yenyewe, msiridhike na kuambiwa kwamba "mnaendelea vizuri". Chini ya 1,000 husemwa kwamba virusi vimefubaa, na hatari hapo ni ndogo mno. Kwa kuwa mnataka mtoto, mimi ningewashauri msubiri hadi visionekane kabisa. Usishangae ukimwona anameza kidonge cha ziada cha dolutegravir, mojawapo ya dawa za VVU, jioni: rifampisini iliyomo katika dawa za kifua kikuu huipunguza nguvu dolutegravir, ndiyo maana dozi huongezwa. Nawe na mtoto mchunguzwe kifua kikuu, ambacho huenea kwa hewa mnayovuta chumba kimoja.

Wakati mnasubiri, tumieni kondomu kila mara, nawe uulize CTC kuhusu PrEP, yaani kidonge cha kila siku anachomeza mtu asiye na VVU ili asiambukizwe. Mwanamke anahitaji kukimeza angalau siku 7 mfululizo kabla ya kukitegemea. Ukishashika mimba, endelea kupimwa hadi utakapomwachisha mtoto kunyonya, kwa sababu mama anayeambukizwa katika kipindi hicho humwambukiza mtoto kwa urahisi zaidi.

Wanaume wengi hujaza pamba ndani ya kopo la vidonge ili lisilie mfukoni njiani. Kwenu mnaojua wote wawili, pamba hiyo haina kazi. Kopo likae karibu na miswaki, ambapo hata wewe utaona kama kidonge cha jana kimetoka.

SWALI: Jumamosi usiku kondomu ilipasuka, na yule niliyekuwa naye simfahamu vizuri. Rafiki amesema kuna dawa za dharura. Je, ni kweli, na ninazipata wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ni kweli, zinaitwa PEP, humezwa kwa siku 28, na lazima zianzwe ndani ya saa 72, kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kufanikiwa. Barua yako imenifikia siku ya 11, kwa hiyo kwako muda huo umeshapita, nami sitakupa matumaini ya uongo. Pima sasa, rudia baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3, na katika muda huo wote utumie kondomu. Ukipata homa, vipele na koo kuuma katika wiki hizi za mwanzo, usimeze dawa za malaria kwa kubahatisha; mweleze daktari kilichotokea. Siku nyingine yakikukuta, usiandike barua wala usingoje Jumatatu: nenda usiku huohuo kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu nawe.