Mgombea akikuambia mazingira, muulize Agosti alikuwa wapi

Kila kampeni ikifika Dodoma, hakosi mgombea wa kupanda mti. Picha zinapigwa, jembe linarudi kwenye gari, msafara unaondoka. Nimehudhuria mikutano mingi ya namna hiyo, ya udiwani hasa, na siku hizi hotuba za "maendeleo endelevu" na "uraia wa dunia" hazinibabaishi. Nataka kwanza nijue mtu katokea wapi na kafanya nini. Maono yatafuata.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Kupanda mti Januari kila mtu anaweza. Wa kuumwagilia Agosti ndio hawaonekani. Ndiyo maana mimi humuuliza mgombea habari za kisiki hai. Mkulima haking'oi kisiki shambani, anachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, anapogoa mengine, anafunga kitambaa kuwa alama, kisha anayalinda na mbuzi. Hanunui mche wala habebi ndoo, kwa sababu mizizi tayari iko chini. Aliyewahi kuifanya kazi hii atakuelekeza kwa mikono. Asiyeijua atakimbilia ilani.

Chamwino nilimsikia mama mmoja akimkatiza mgombea: "Mwanangu, na mbuzi wangu je, utawapeleka wapi?" Mkutano mzima haukuwa na swali zito kuliko hilo. Kondoa wanalielewa vizuri. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyochimbika makorongo. Majani yalirudi, miti ikarudi, lakini mzigo waliubeba wafugaji. Kwa hiyo anayekuahidi hifadhi bila kutaja malisho, mbane hapohapo. Baraza la madiwani linatunga sheria ndogo na kupitisha bajeti. Akuambie atapeleka sheria ndogo ipi, na fedha zitatoka kifungu gani. "Tutaongea na wafadhili" si jibu.

Hayo ya dunia siyadharau. Wazee wetu waliapa katika ahadi za mwana-TANU kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, semina za posho hazijazaliwa. Ila undugu huo uwe na ushahidi. Wangari Maathai wa Kenya alianzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, 1977, ubunge wa Tetu akaupata 2002, Nobeli ya Amani 2004. Miaka 25 ya miche ilitangulia kura. Sisemi diwani wa kata yangu afike huko, jamani, lakini hata kiangazi kimoja?

Ukitaka uhakika, nenda anakoishi. Salimia majirani, piga soga na mwenyekiti wa mtaa, chungulia jikoni ukikaribishwa. Mimi nilikaribishwa kwa mmoja, mhubiri hodari wa nishati safi. Nyuma ya nyumba magunia ya mkaa yalipangwa mpaka usawa wa dirisha. Ya biashara, akaniambia, na bei akanitajia.