Muulize Mwalimu wa Michezo: Binti yangu kashikwa na lakrosi

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili, ni senta wa timu ya netiboli ya shule. Tangu aone video za lakrosi, ule mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa gongo lenye wavu nchani, kwenye simu ya kaka yake, haambiliki. Kachukua mpini wa fagio, kafunga waya wa duara nchani, kashonea mfuko wa wavu wa vitunguu, na kila jioni anarusha mpira wa tenisi ukutani mpaka jirani kaja kulalamika. Baba yake anasema huo ni mchezo wa Wazungu wenye pesa, tena utamtoa mtoto jicho. Nimzuie? – Mama wa binti, Tabata*

Marahaba mama. Usimzuie. Mwombe radhi jirani, mtafutie mtoto ukuta mwingine, lakini gongo lile asinyang'anywe. Wachezaji wakubwa wa lakrosi hujifua hivyo hivyo, peke yao mbele ya ukuta, wakirusha na kudaka kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Binti yako kaanzia panapostahili bila kuelekezwa na mtu. Nimefundisha netiboli shule za Temeke na Ilala, na mtoto wa namna hiyo hapatikani kila muhula.

Kwa baba yake nina mawili. Hilo la Wazungu si kweli. Lakrosi ni mchezo wa wenyeji wa Amerika Kaskazini, na watu wa Haudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji hao, wanauheshimu hadi leo kama zawadi ya Muumba. Huchezwa pia kumwombea mgonjwa apone. Wazungu waliukuta, na mwaka 1867 daktari wa meno wa Montreal, William George Beers, akauandikia kanuni. Haudenosaunee wana timu yao ya taifa, bendera yao na pasipoti zao. Mwaka 2010 Uingereza ilikataa pasipoti hizo, nao wakakosa mashindano ya dunia ya Manchester, kwa kuwa hawakukubali kusafiri kwa pasipoti za Marekani wala Kanada. Hapo ningependa baba asome mara mbili.

Hofu ya jicho ni ya haki. Mpira ni wa raba ngumu, uzito wake karibu gramu 145, na mwanaume mwenye nguvu huurusha kwa kasi inayozidi kilomita 160 kwa saa. Ndiyo maana wanaume huvaa helmeti, glavu na kinga za mabega. Wanawake huvaa miwani maalumu na kinga ya meno, na kwao kumvaa mwenzako kwa mwili ni kosa. Siku binti atakaposhika mpira halisi, miwani inunuliwe kabla ya gongo. Kwa sasa mpira wa tenisi unamtosha.

Na kaona nini huko? Nadhani najua. Senta wa netiboli akidaka mpira hana ruhusa ya kukimbia nao. Kwenye lakrosi anadaka huku anakimbia, anaendelea na mbio, mpira ukiwa ndani ya wavu wa gongo, mikono ikilitikisa kidogo kidogo usidondoke. Anamzunguka beki, anapita hata nyuma ya goli na kushambulia kutokea huko. Goli lenyewe ni dogo, mita 1.83 kwenda juu na mita 1.83 upana. Kimo hakimbebi mtu. Wepesi wa mkono na jicho la kuona mwenzako aliye wazi ndivyo vinavyobeba. Kufungua nafasi na kukaba bila kugusa alishafundishwa kwenye netiboli, kwa hiyo asiiache.

Mwambie pia kwamba lakrosi ya wanawake ilikulia shuleni. Louisa Lumsden, mwalimu mkuu wa kwanza wa shule ya wasichana ya St Leonards huko Uskoti, aliuona mchezo huu Kanada mwaka 1884, na mwaka 1890 wasichana wa shule hiyo walikuwa uwanjani.

*Mwalimu, niko chuo, Mlimani. Mbona lakrosi imezagaa ghafla? – Mwanafunzi*

Ni Olimpiki, mwanangu. Oktoba 2023, kamati ya kimataifa ilipokutana Mumbai, iliurudisha mchezo huu kwa ajili ya Los Angeles 2028. Uliwahi kutoa medali mwaka 1904 na 1908, na dhahabu zote mbili zilikwenda Kanada. Safari hii utachezwa wa watu sita kila upande, uwanja wa mita 70 kwa 36, robo nne za dakika nane. Timu ikipata mpira ina sekunde 30 za kupiga golini. Goli likiingia, golikipa anauokota mpira na kuanzisha palepale. Hakuna nafasi ya kuvuta pumzi, nami naupenda kwa hilo.

Kikosi kidogo kinapunguza gharama, lakini mchezo ulikuwa umeanza kusambaa hata kabla. Mashindano ya dunia ya wanaume ya mwaka 1967 yalikuwa na nchi nne. Ya mwaka 2018 yalikuwa na 46. Waganda walifika Denver mwaka 2014, wa kwanza kutoka Afrika. Ni majirani zetu hao, na natamani sana tuwafuate.

Kinachoniuma ni kwamba Olimpiki hupokea timu kupitia kamati za Olimpiki zinazotambuliwa, na Haudenosaunee hawana. Mchezo wao unarudi, wao bado wanabisha hodi.

*Nafundisha sekondari Mbagala. Wanafunzi sitini, gongo hata moja hakuna. Naanzaje? – Mwalimu wa michezo*

Kusanya madumu ya mafuta ya kula ya lita tatu. Kata kitako, bakiza mpini, ziba makali kwa utepe wa gundi. Yanadaka mpira wa tenisi vizuri. Wagawe sita sita, wasichana na wavulana, na wiki za mwanzo wafundishe mambo mawili tu: kudaka, na kuchota mpira unaobiringika bila kusimama. Usiharakie magoli. Wakishakolea, zungumza na afisa michezo wa manispaa akueleze taratibu za kusajili klabu Baraza la Michezo la Taifa, ndipo utafute magongo halisi. Hata hapo, anza na mipira laini.