Olimpiki ya 1940: Tokyo ilijitoa yenyewe
Wapo wanaodai Tokyo ilinyang'anywa uenyeji wa Olimpiki ya 1940 kwa sababu ya vita vya Hitler. Hapana, haikunyang'anywa. Japani yenyewe ilirudisha uenyeji Julai 1938 kwa sababu ya vita vyake na China, zaidi ya mwaka mmoja kabla Hitler hajaivamia Poland. Helsinki ikapewa, nako Wasovieti wakaingia Finland Novemba 1939, ikafutwa kabisa. Kwa hiyo kumtwisha Hitler peke yake si sahihi.

Ila si kila mchezo ulisimama mwaka ule. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon hayakuchezwa, lakini mbio za baiskeli za Giro d'Italia zilifanyika: Fausto Coppi, kijana wa miaka 20, alishinda Juni 9, na kesho yake Italia ikaingia vitani! Na Olimpiki ya 1940, ingawa haikufanyika, bado inahesabiwa kwenye namba za mfululizo za Olimpiki.