Maswali ya Wasomaji: Filamu ya Vita na Mtoto wa Kidato cha Kwanza

SWALI: Mhariri, nawasalimu kutoka Ipagala, hapa Dodoma. Mwanangu wa kiume ana miaka 13 na yuko kidato cha kwanza. Amerushiwa kwenye flashi filamu ya Kiingereza iitwayo 1917, ambayo wenzake shuleni wanaisifu sana, na anaomba tuitazame sebuleni siku ya Jumamosi. Baba yake anasema kuwa hiyo ni historia na haina mambo ya chumbani, kwa hiyo hakuna ubaya. Mimi nilitazama dakika chache tu nikakutana na maiti, nikaizima. Mdogo wake wa kike ana miaka minane, na tunaishi na baba mkwe wangu, ambaye alipigana vita vya Kagera. Je, nimruhusu?

Mama wa watoto wawili, Ipagala

JIBU: Mama, mumeo amesema kweli kwamba filamu hiyo haina mambo ya chumbani, lakini hicho ni kipimo ambacho wazazi wengi tumekizoea kupita kiasi, kana kwamba mtoto anaweza kudhurika kwa kuona watu wakibusiana na asidhurike kwa kuona mtu akichomwa kisu. Nchini Marekani filamu hii ilipewa daraja R, maana yake aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mzazi au mlezi, na nchini Uingereza ikapewa 15, daraja ambalo halimruhusu mtoto wa miaka 13 kuingia hata akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Hapa kwetu kazi ya kukagua filamu na kuzipangia madaraja ni ya Bodi ya Filamu, lakini filamu iliyorushwa kwenye flashi hufika sebuleni bila alama yoyote, na hapo mkaguzi anabaki kuwa wewe.

Madaraja hayo yanasaidia, ila hayamalizi kazi. Filamu nyingine ya vita, Dunkirk ya mwaka 2017, ilipewa daraja jepesi zaidi, PG-13 kule Marekani na 12A kule Uingereza, kwa kuwa ndani yake damu haionekani sana; hata hivyo mlio wa ndege zinazoshuka kuwashambulia askari ufukweni, na watu wanaohangaika ndani ya meli inayojaa maji, vinaweza kumkosesha usingizi mtoto ambaye asingeshtushwa na jeraha.

Sasa nitakueleza yaliyomo katika filamu mliyo nayo, ingawa nitakupunguzia utamu wa hadithi. Iliongozwa na Sam Mendes na kutoka mwaka 2019. Inahusu askari wawili vijana wa Uingereza, Blake na Schofield, ambao mwezi Aprili 1917, huko Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanatumwa kuvuka eneo lililohamwa na Wajerumani ili kupeleka amri ya kusitisha shambulio ambalo lingewaingiza mtegoni askari 1,600, akiwemo kaka yake Blake. Njiani wanapita kwenye farasi waliokufa na miili iliyonasa kwenye seng'enge. Mkono wa mmoja wao unazama ndani ya maiti. Kuna panya, na baadaye kuna mto uliojaa miili iliyovimba. Pamoja na hayo yote, tukio zito kuliko mengine linatokea mchana kweupe kwenye shamba tulivu: vijana wale wanamwokoa rubani wa Kijerumani kutoka kwenye ndege inayowaka moto, naye anamchoma Blake kisu. Blake hafi papo hapo kama tulivyozoea kuona kwenye filamu. Anatokwa damu, uso unampauka, anamuuliza mwenzake kama anakufa, na mwenzake anamwambia ukweli.

Jambo jingine ambalo mzazi hawezi kulijua kwa kutazama dakika chache ni namna filamu ilivyopigwa. Imeunganishwa ili ionekane kana kwamba kamera haikuzimwa tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale Schofield anapopoteza fahamu, kwa hiyo mtazamaji hapewi nafasi ya kupumua: hakuna kuhamia nyumbani kwa askari, na vichekesho vya kupoza moyo ni vichache. Mtu mzima huiona kuwa ufundi mkubwa. Mtoto anaweza kuhisi kwamba amefungiwa humo ndani, na ndiyo maana rimoti inapaswa kuwa mkononi mwako na si mwake.

Pamoja na hayo, ushauri wangu ni kwamba kijana wa miaka 13 anaweza kuitazama, kwa sharti kwamba wewe au baba yake mmeitazama yote kwanza, kwamba inatazamwa mchana, na kwamba mmoja wenu amekaa naye mpaka mwisho. Nasema hivyo kwa sababu naamini kwamba kijana huyo, kama walivyo wengi wa rika lake, amekwisha kuona kwenye vibanda umiza filamu ambazo mtu mmoja anawamiminia risasi watu hamsini, kisha anajifuta vumbi na kwenda zake. Mimi namhofia zaidi mtoto anayecheka watu wakifa kuliko anayeziba macho. Filamu ya 1917 inaonyesha kifo kuwa kitu kinachouma, na hakuna anayeshangiliwa kwa kuua. Ila kama mwanao ni mwepesi wa kuota ndoto za kutisha, au kama mmefiwa hivi karibuni, iahirisheni, flashi haiozi.

Hakikisha pia kwamba ni filamu yenyewe na si ile iliyotafsiriwa na DJ. Sina ugomvi na kazi hiyo, ambayo imewaburudisha wengi wasiojua Kiingereza, lakini mtafsiri anayetania juu ya kijana anayekata roho anaibadilisha filamu kuwa kitu kingine kabisa.

Binti wa miaka minane asiitazame, na haitoshi kumwambia aende chumbani wakati milipuko inasikika nyumba nzima. Apelekwe kwa shangazi au kwa jirani mchana huo.

Kuhusu mzee, mwulizeni mapema na kwa heshima, asikute tu mabomu yanalia sebuleni. Wapo waliopigana mwaka 1978 na 1979 ambao hupenda kusimulia, na wapo ambao hawataki kusikia mlio huo tena, na ninyi hamtajua baba ni yupi kati ya hao mpaka mmemuuliza. Akikubali kukaa na mjukuu wake, mpeni nafasi ya kusema anachotaka na kunyamaza anapotaka. Na kama ni mwenyeji wa Ugogo, huenda alisikia kwa wazee wake habari za Mtunya, njaa iliyowaangamiza watu wengi hapa kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakosekana. Ni vita ile ile anayotaka kuitazama mwanao.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia wilayani Kondoa. Je, naweza kuwaonyesha wanafunzi wote wa kidato cha tatu filamu hiyo hiyo bwaloni kwa projekta?

JIBU: Mwalimu, nzima usiionyeshe. Mzazi mwenye mtoto mmoja anaweza kusimamisha filamu anapomwona ameshikwa na hofu, lakini wewe mbele ya bwalo lililojaa gizani hutamwona anayelia nyuma. Chagua vipande: mwendo wa mwanzoni ndani ya mahandaki unatosha kuwaonyesha askari walivyoishi, na lile tukio la shambani uliache. Omba kibali cha mkuu wa shule, wajulishe wazazi, na mwanafunzi asiyetaka kutazama aruhusiwe kutoka bila kuulizwa mbele ya wenzake. Kisha wapeleke nje uwaeleze kwamba katika vita hiyo hiyo, Aprili 1916, kikosi cha Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini, kilichopigana upande wa Waingereza, kiliiteka Kondoa Irangi, na kwamba mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alijaribu kuirudisha akashindwa. Filamu haina habari hiyo, kwa hiyo kipindi cha pili kiwe chako.