Re: Begi linanivuta nyuma nikipanda, vizito nivipange wapi?

Mkuu, umesema vizito umeviweka chini kabisa na begi bado linakuvuta nyuma. Chini weka nguo. Maji na chakula vikae katikati kwenda juu, vibanane na mgongo. Kizito kikiwa mbali na mgongo unalazimika kuinama mbele, na misuli ya kiuno ndiyo inayoumia. Mkanda wa kiunoni kaza kwanza, juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ukaze ya mabegani. Wengi wanauacha unaning'inia, sijui wanadhani ni pambo.

Ila kwa Kilimanjaro njia ya Machame, siku ya kupanda Ukuta wa Barranco, shusha vizito chini kidogo ndani ya begi. Pale unashika miamba kwa mikono, begi zito juu litakuyumbisha.