Ndiyo, Huku Nimepata Marafiki, Ila kwa Miadi

Mama mdogo, pamoja nanyi binamu zangu wa Kirumba, mmeniuliza mara tatu kama huku Ujerumani nimepata marafiki au ninaishi na vitabu tu, nami kila mara nimesingizia mtandao kukatika. Leo ninajibu bila kuficha.

Miezi ya kwanza sikuwa na rafiki hata mmoja. Darasani tulisalimiana, tukagawana kazi za vikundi, kisha kila mtu akashika njia yake. Niliyeketi naye tangu Oktoba alikuja kuniuliza jina langu Februari. Msidhani ni chuki, kwani hata wao kwa wao ndivyo walivyo.

Mambo yalibadilika mwezi Mei, wanafunzi saba tulipokwenda kulala siku mbili Konstanz, kando ya ziwa waliitalo Bodensee. Ziwa hilo limezungukwa na Ujerumani, Uswisi na Austria, kama letu lilivyozungukwa na Tanzania, Kenya na Uganda, ila lina kilomita za mraba 536 tu, ilhali letu lina zaidi ya 68,000. Tukiwa kwenye kivuko cha kwenda Meersburg, mwendo wa kama robo saa, niliwatajia tarakimu hizo wakadhani ninajigamba, hadi nilipowaonyesha ramani na picha za Mwanza. Binti mmoja Mjerumani aliliona Jiwe la Bismarck, akauliza jina la chansela wao limefikaje huko. Nilimweleza habari za utawala wa Wajerumani kwetu, naye akasikiliza bila kujitetea, mpaka kivuko kikatia gati.

Jioni tulipika. Samaki tuliowanunua walikuwa minofu mitupu, bila kichwa wala mwiba, jambo ambalo pale Mwaloni lingemfanya mnunuzi ahoji kichwa kimeliwa na nani. Niliwasongea ugali kwa unga niliousafirisha begini. Mwenzetu kutoka Kolombia akaumega kwa mkono kana kwamba amezaliwa Sengerema, wengine wakahangaika na uma. Baada ya kula, yule binti alitoa simu, akapiga hesabu, akanidai yuro 1.40 za vitunguu. Niliumia, sitaficha. Kwetu ukimdai mtu kitunguu mlichokula pamoja, kesho yake mtaa mzima unakujadili. Nililipa, nikaenda kulala nimenuna.

Jumapili tukiwa tayari stesheni, nilikumbuka kwamba pasipoti yangu nimeiacha chini ya mto katika nyumba tuliyopanga. Watano walipanda treni, na siwalaumu, kwa kuwa walikuwa na mtihani asubuhi. Aliyebaki nami alikuwa huyohuyo wa vitunguu, ambaye naye alikuwa na mtihani uleule. Tulirudi kuichukua, kisha tukakaa kwenye benchi saa mbili nzima tukila mkate wake, akinisimulia ugonjwa wa baba yake, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu chuoni. Mkate huo hakunidai.

Sasa ni rafiki yangu, lakini tunaonana kwa miadi inayowekwa wiki moja kabla, na mara mbili ameiahirisha. Juzi nilipita kwake bila taarifa, kama ninavyopita kwenu nikitoka sokoni. Alifungua mlango akiwa ameshtuka, akaniuliza nani amefariki. Nilimjibu kwamba hakuna, nimekuja kusalimia tu. Alinitazama kidogo, kisha akanipisha niingie.