Mkate wa Nyama ya Bata Mzinga kwa Jiko la Mkaa

Wengi wanaofuga bata mzinga hapa Tabora humchinja wakati wa sikukuu, wakampika kama wanavyompika kuku wa kienyeji, kisha wakalalamika kwamba nyama yake ni kavu. Malalamiko hayo yana msingi, hasa kwa upande wa kidari, ambacho hakina mafuta ya kutosha kustahimili moto wa muda mrefu. Mimi nimeona ni rahisi zaidi kuisaga nyama hiyo na kuioka ikawa mkate wa nyama, mradi mpishi azingatie tangu mwanzo kwamba kazi yake kubwa ni kulinda unyevu.

Nyama ya paja ina mafuta zaidi, kwa hiyo ichanganye na ya kidari nusu kwa nusu. Mashine ya mkono inayofungwa pembeni mwa meza inatosha kabisa kusagia, na asiyekuwa nayo anaweza kuikatakata kwa kisu kikali mpaka ilainike.

Kwa kilo 1 ya nyama, loweka kikombe 1 cha chenga za mkate katika nusu kikombe cha maziwa. Hatua hii wengi huipuuza, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu mkate uliolowa hushika maji yanayotoka katika nyama inapoiva, na pia huzuia nyama isishikamane ikawa ngumu. Ongeza mayai 2, kitunguu maji kilichokaangwa hadi kulainika, kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi, kisha uchanganye kwa vidole taratibu bila kukanda kama unga wa chapati. Usionje mchanganyiko ukiwa mbichi. Kaanga donge dogo ndipo uonje chumvi.

Mwenye oveni aiwashe nyuzi 180 za Selsiasi. Sisi wa jiko la mkaa tunafuata utaratibu ule ule wa kuoka keki: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, chombo kilichopakwa mafuta ndani yake, makaa machache chini ya sufuria na mengi zaidi juu ya mfuniko. Mkate wa kilo 1 huiva kwa takriban saa 1, ingawa moto wa mkaa hauna kipimo, hivyo ni vema kuwa na kipimajoto cha nyama, ambacho kikichomwa katikati kinapaswa kuonyesha angalau nyuzi 74.

Juu yake mimi hupaka asali ya miombo, ambayo kwetu haihitaji kutafutwa mbali, ikiwa imechanganywa na nyanya ya kopo na maji ya ndimu. Ipake zikiwa zimebaki kama dakika 15 tu, kwa kuwa sukari iliyomo huungua upesi, hasa makaa yakiwa juu.

Ukiepua, uache mkate utulie dakika 10 kabla ya kuukata, la sivyo mchuzi wote utaishia kwenye sahani. Vipande vinavyobaki hukaangwa kesho yake kwa mafuta kidogo na kuliwa kwa chapati, lakini katika joto la Septemba na Oktoba asiyekuwa na friji aumalize siku hiyo hiyo au awagawie majirani.